Anataka kunioa ila hasemi ananipenda, na sababu zake kaziandika kwenye daftari

Shikamoo Anti,

Naomba usinitaje jina wala shule ninayofundisha maana huku watu tunajuana sana. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 34, nafanya kazi mkoa wa Mwanza na nyumbani kwetu ni Magu. Sijaolewa na sina mtoto. Niliwahi kuwa na mtu miaka minne, huyo alikuwa kila asubuhi ukiamka unakuta meseji, mbele za rafiki zake ananiita mke wangu, ila nikimuuliza barua nyumbani utatuma lini anasema ngoja mambo yakae sawa. Hayakukaa. Mwaka juzi akaoa mtu mwingine na harusi yenyewe niliiona kwenye status ya WhatsApp ya mfanyakazi mwenzangu, nikiwa staff room, nikatoka nikaenda kusahihisha daftari za watoto kwenye darasa tupu.

Sasa mwaka jana mke wa mjomba akanikutanisha na mwanaume mmoja, ana 41, ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Ana mtoto mmoja wa kike yuko darasa la tatu, mama wa mtoto ameshaolewa kwingine. Ni mtu mtaratibu, hanywi, akisema nakuja saa kumi basi saa kumi yuko mlangoni. Siku moja nikamuuliza tu moja kwa moja, wewe unanipenda? Akakaa kimya halafu akaniambia nitakuwa muongo nikisema nakupenda kama wanavyosema vijana, ila nakuheshimu, nakuamini na hela zangu na mtoto wangu, na nikiwaza uzee wangu nakuona wewe. Nikalia Anti, na mpaka leo sijui nililia kwasababu gani.

Baada ya hapo tukiwa dukani kwake akatoa lile daftari anakoandikia madeni ya mafundi, akafungua ukurasa wa mwisho akanipa nisome. Kaandika kwanini anataka kuoa. Mtoto apate mama ndani ya nyumba. Mtu wa kusaidiana nae maisha. Kumalizia nyumba ya Buswelu (imefika kwenye lenta). Bima ya mama. Watoto wengine wawili. Kuacha kula hotelini. Akaniambia nimeandika ili baadae usije ukasema nilikuficha.

Hapo kwenye bima na nyumba ndo pananinyima usingizi. Mama yake ana kisukari na presha, dawa wananunua kwa hela mkononi kila mwezi, mimi kama mtumishi nina kadi na tayari baba na mama yangu wamo, zimebaki nafasi mbili. Na nyumba anaomba tukishaoana nichukue mkopo wa mshahara tupaue, kiwanja kina jina lake.

Rafiki yangu tunaefundisha wote anasema huyo haoi mtu, anaoa kadi ya bima na salary slip. Bibi mzaa baba nae anacheka, anasema sisi nani alituuliza habari za kupendana, babu yako nilimuona siku wanaleta ng'ombe, tulioana tulime na tuzae na mapenzi tuliyakuta humo humo ndani. Mama anasema umri unaenda. Baba ametaja ng'ombe kumi, na kaka yangu anaenifuata ana mchumba anasubiri, kila mtu nyumbani anajua ng'ombe zangu ndo zitaenda kwa kina mchumba wake.

Barua ya posa imeshaletwa na mshenga anasubiri majibu. Na nikiwa mkweli hata mimi sababu zangu siyo mapenzi, nataka mtoto, nimechoka kuulizwa kila msiba na kila sendoff wewe lini, na nyumba ninayokaa jioni ni kimya. Je kuoana kwa sababu kama hizi ni makosa? Zamani waliwezaje? Au mimi ndo nataka maisha ya kwenye tamthilia?

Mwalimu, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu, na pole na hizo jioni za ukimya, najua zinavyokuwa ndefu.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Kama nimekuelewa, umetoka kwa mtu aliyekupa maneno yote ya mapenzi bila hatua hata moja, sasa umepata mtu anaekupa hatua bila yale maneno, na sababu zake unazijua mpaka ya kula hotelini. Katikati hapo kuna rafiki anakwambia unatumika, bibi anakwambia ndivyo ndoa zilivyo, na wewe mwenyewe ukijiangalia unaona na wewe una sababu zako ambazo huzionei fahari. Unataka kujua kama ndoa ya namna hiyo ni ndoa kweli.

Tuanze na zamani maana umeniuliza waliwezaje. Ni kweli watu waliolewa kwa mahitaji na hawakuona haya kuyasema. Usukumani kwenu mke alikuwa ni mikono ya shambani, ni watoto, ni ukoo mmoja kuungana na mwingine, na ng'ombe za binti zilikuwa ndo za kuolea kaka yake kama unavyoona hapo kwenu mpaka leo. Pwani wamezoea kuoza mabinamu, mali na jina visitoke nje. Kusini kwa Wamakonde na Wayao ambao ukoo unahesabiwa kwa mama, kijana alihamia ukweni akalima huko, yani jasho lake ndo lilikuwa mahari. Hapo jirani zenu Mara, kwa Wakurya, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzie ili watoto watakaozaliwa washike mji wake, wanaita nyumba ntobhu na bado ipo. Pale hakuna anaejifanya ni habari ya mapenzi, ni mji usife.

Ila mwanangu tusikubali haraka kwamba zamani moyo haukuulizwa kabisa. Huko huko kwenu kulikuwa na chagulaga, vijana wanamzunguka msichana kwenye ngoma wanamwambia chagua mmoja wetu, na binti anachagua kwa macho yake. Najua kuna sehemu iligeuka ikawa ya kulazimishana na wengi wanaipinga kwa haki kabisa, lakini asili yake inakuonyesha hata mabinti wa enzi hizo walikuwa na wanaempenda na wasiempenda. Walipewa nafasi ndogo tu.

Na bibi yako umemuuliza swali moja, nenda kamuulize na la pili. Kaa nae jikoni mkiwa wawili umuulize, bibi, babu angekuwa mtu wa kukupiga au wa kukutelekeza ungeenda wapi? Maana ng'ombe zake zilishaingia zizini na pengine kaka yake alishazitumia kuoa, akirudi nyumbani maana yake ng'ombe zirudi, na zikirudi ndoa ya kaka nayo inatikisika. Wapo waliorudi kwao hata hivyo, mabibi wengi wana hizo stori ukiwapa muda. Kwahiyo akisema mapenzi tuliyakuta ndani inawezekana kabisa ni kweli, mimi simkatalii bibi yako ndoa yake, ila na wewe ujue kama alikuta mapenzi au alikuta hakuna mlango wa kutokea akajifunza kuishi vizuri na aliyemkuta humo. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa mtu huyo huyo mmoja.

Sasa huyo rafiki yako. Nampenda kwasababu anakulinda, na kuhusu mkopo ana hoja nzito nitarudi hapo. Lakini akisema huyu haoi mtu anaoa kadi, naomba umuulize na yeye, kwani kati yetu nani anaoa bila sababu nyingine pembeni? Yule wako wa kwanza ulimpenda, sawa, na pia ulitaka mji, ulitaka watoto. Anaesema nimeoa kwa mapenzi matupu mara nyingi na yeye ana daftari, liko kichwani tu halijaandikwa. Kinachoniogopesha mimi kwenye ndoa ni ile sababu isiyosemwa, ile mtu anaingia nayo kimya halafu unakuja kuigundua mwaka wa tatu ukiwa na mtoto mgongoni. Huyu kaziweka mezani. Hiyo haimaanishi ni sababu nzuri zote, inamaanisha unaweza kuzijadili, na hicho ni kitu ambacho bibi yako hakupewa na yule wa kwanza hakukupa.

Halafu kuna sentensi umeipita haraka. Alisema akiwaza uzee wake anakuona wewe. Mi siwezi kukwambia hiyo ni mapenzi, inaweza kuwa ni mapenzi ya mtu asiyejua kuyasema, inaweza pia kuwa ni mtu anaetafuta muuguzi wa kuaminika. Wewe ndo uliyekuwepo. Na hukuniandikia kitu kimoja, ulipolia alifanya nini? Alikaa akakusubiri, aliondoka, alianza kuongelea bei ya bati? Mtu mgumu wa maneno huwa anaonekana kwenye vitu kama hivyo, angalia anavyokuwa na wewe saa ambayo hakuna kitu cha kuhesabu, ukiwa unaumwa, ukiwa umefeli jambo, mshahara ukichelewa.

Tuje kwenye nyumba, na hapa naomba unisome taratibu. Bibi yako aliingia kwenye ndoa na mikono yake miwili, angechoka au angegoma mikono ilikuwa yake. Wewe unaingia na mshahara ambao unaweza kukatwa kabla hujaushika. Mkopo wa mtumishi ukishasaini unakatwa juu kwa juu miaka kadhaa, utaratibu unataka ubaki angalau na theluthi moja ya mshahara, sasa jiulize utaishi vipi na theluthi ukiwa na mimba au mama yako akiugua. Na mkiachana, au Mungu apishe mbali akifariki ndugu zake wakaja juu, deni linabaki na jina lako wakati kiwanja kina jina lake.

Sheria haijakuacha mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa ni mchango. Lakini kiwanja alikipata kabla yako, na kwenda kuthibitisha mahakamani bati zipi ulinunua wewe ni safari ndefu ya kuchosha. Ni rahisi zaidi kuongea sasahivi mkiwa bado mnacheka. Unaweza kumwambia nitakopa ila kiwanja kwanza kiandikwe majina yetu wawili. Unaweza kumwambia nyumba malizia wewe polepole na duka lako, mi nitabeba chakula na ada. Unaweza kumwambia tupange kwanza mwaka mmoja tujuane ndani ya ndoa ndo tuongelee mkopo. Kila moja ina gharama yake, anaweza kuona humuamini, mama yake anaweza kusema umekuja na masharti, mnaweza kukaa kwenye nyumba ya kupanga muda mrefu kuliko mlivyotaka. Lakini utakachokiona usoni kwake siku unamwambia hayo ni cha thamani sana kwako. Mtu aliyekuandikia sababu zake ili usije ukasema alikuficha, tunategemea na yeye aweze kusikia za kwako bila kununa. Akishindwa, hilo nalo ni jibu la kulichukulia uzito.

Kwenye bima tuhesabu wote. Kadi yako inabeba wewe, mwenza wako, na wategemezi wanne. Baba na mama wameshachukua mbili. Akiingia mama mkwe imebaki moja, na mumeo anataka watoto wawili, bado yule binti yake. Yani hesabu ya daftari lake haikai. Sidhani kama kuna ubaya mama mzee mwenye kisukari kupata matibabu kupitia kwa mkwewe, tena ni utu, ndoa kwetu hazijawahi kuwa za watu wawili tu. Ila kaeni na kalamu mzungumze nani anaingia na nani anakatiwa bima kwa njia nyingine na analipa nani. Na mama huyo ana watoto wengine? Wanachangia nini? Ukiwa wewe ndo mwenye kadi, dawa zikikosekana lawama itakuja kwa nani? Ukiuliza haya leo hakuna atakaesema una roho mbaya, ukiyauliza baada ya ndoa utaambiwa umebadilika.

Na mtoto. Kwenye ile orodha mtoto ndo wa kwanza, wewe kwenye barua umemtaja kwa mstari mmoja. Umeshakaa nae? Anapenda nini, anakuitaje? Ana mama yake mzima huko aliko, kwahiyo neno apate mama ndani ya nyumba lina mambo mengi, huenda wanaongea kwa simu kila wikiendi na siku ukimkanya anakwambia wewe siyo mama yangu. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa kila kitu, wewe mwalimu unajua kuliko mimi.

Sasa nigeukie kwenu kidogo usikasirike. Umeumia kwamba mchumba amekuhesabu, lakini na nyumbani umehesabiwa. Baba kahesabu ng'ombe kumi, kaka kahesabu harusi yake. Simsemi vibaya kaka yako, ndivyo mlivyolelewa wote, ila usiache shauku yake ikusukume useme ndiyo wiki ambayo moyo haujasema. Ile sheria ya 1971 inataka kila mmoja akubali kwa hiari yake mwenyewe, na ndoa haivunjiki eti kwasababu mahari haijalipwa yote. Ongea na baba kama inawezekana, hata kupitia kwa mke wa mjomba kama wewe unaona aibu, muombe mambo ya kaka yasifungwe moja kwa moja na ng'ombe zako. Maana siku ukitaka kurudi nyumbani, nisingependa ukute mlango umeshikiliwa na ndoa ya mdogo wako.

Umesema na wewe sababu zako siyo mapenzi, kama vile unakiri kosa. Kutaka mtoto siyo kosa. Kutaka mtu wa kuongea nae jioni siyo kosa, tena mimi naona ni katika sababu za zamani kabisa kuliko hata ng'ombe. Hiyo ya kuchoka kuulizwa misibani ndo naomba uitoe pembeni uiangalie peke yake, kwasababu maswali hayaishi, ukiolewa wataanza kuuliza mimba, ukizaa wa kwanza watauliza wa pili. Ukiitoa hiyo kwenye orodha yako, zilizobaki bado zinakupeleka kwa huyu mwanaume au zinakupeleka tu kwenye kuolewa na yeyote? Na habari ya umri wako na kuzaa kamuone daktari wa wanawake akupime akueleze hali yako wewe, usiichukue kwa mama wala kwa mashosti.

Kitu kingine, yeye keshakuonyesha ukurasa wake, wa kwako hajauona. Uandike. Andika kwamba unataka kusikia neno zuri siku moja moja hata kama yeye siyo mtu wa maneno, kama kweli unataka. Andika unaogopa nini. Mpe asome na siyo pale dukani ambapo kila dakika anaingia fundi anataka misumari, tafuteni sehemu mkae. Na muulizane lile gumu, je haya mapenzi tunayosema tutayajenga yasipokuja kabisa, wewe utaweza kuishi na heshima na uaminifu peke yake? Yeye ataweza? Na siku mmoja wetu akija kukutana nayo huko nje tutafanyaje? Kuna watu wanaishi vizuri sana kwa heshima tu na wanazikana kwa machozi ya kweli, na kuna watu heshima inawakausha mpaka wanakuwa kama wapangaji wawili. Wewe uko upande gani hilo siwezi kulijua mimi wala bibi.

Ukimkataa, nako kuna bei. Utarudi kwenye nyumba yako ya kimya kwa muda, mama atalia, na mtu anaekuja saa kumi akisema saa kumi hapatikani kila siku. Lakini una kazi, una kadi yako, una akili timamu, na wapo wanawake wengi wa umri wako wanaolea watoto wao na wana amani. Ukimkubali ujue umekubali nini na nini umeacha mlangoni. Ukiomba muda anaweza kukusubiri na anaweza kuchoka, kuna familia zinachukulia ukimya kama kukataa kwa adabu.

Kwahiyo kwa wiki hii mshenga asikae bila neno. Baba au mjomba amwambie barua imepokelewa kwa heshima na binti ameomba muda wa kuzungumza na mwenzie, hilo ni jambo la kawaida na halimvunjii mtu heshima. Mkopo usisaini kitu chochote, wala fomu ya bima usijaze, mpaka mmeongea. Na huyo rafiki yako usimnunie, siku ya mazungumzo mwambie uko wapi na utarudi saa ngapi, ukitoka hapo utahitaji mtu wa kukaa nae.